Sauti Isiyosikika na Mishipa ya Ubongo

Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu na watu wa mitaa katika siku za jubilei



Mmeniagiza niseme nanyi habari ya elimu fulani ya siku hizi, tena iwe elimu iwezayo kumfaa mtu nyumbani kwake. Nimechagua habari ya mishipa ya damu iliyomo vichwani mwetu, na jinsi matabibu wanavyoitafuta kwa sauti kabla ya kutia kisu, ili wasije wakaijeruhi. Labda mtu atasema moyoni mwake, "Mambo hayo yatuhusu nini sisi wakulima na walimu wa shule?" Yatuhusu sana. Katika kila mtaa yupo mtoto mwenye kichwa kilichojaa maji, au kijana aliyeanguka na pikipiki, au mzee aliyeanza kupotewa na maneno baada ya kujigonga mlangoni. Watu wa namna hii mara nyingi hufichwa nyumbani, au hucheleweshwa mpaka dawa imeshindwa. Na sababu yake kubwa ni hofu, nayo hofu huzaliwa na kutojua. Mimi si tabibu, ni mwalimu tu. Lakini mambo haya yamekwisha kuandikwa na wenye kuyajua, nami nitayaeleza hatua kwa hatua. Mnivumilie.

1. Mito ya kichwani

Ubongo wa mtu mzima hupata uzito wa kilo moja na theluthi hivi. Ni kama fungu 2 katika mafungu 100 ya uzito wa mwili wote. Walakini, ingawa ni mdogo, ni mlaji mkubwa: katika damu yote itokayo moyoni, mtu akiwa ametulia, ubongo hupokea kama fungu 15 katika 100. Damu hiyo huingia kwa mishipa minne ipandayo shingoni, miwili mbele na miwili nyuma. Hiyo ndiyo iitwayo ateri. Kuta zake ni nene na zenye nguvu, nayo hudunda pamoja na moyo, kama mjuavyo mkigusa shingo zenu chini ya taya.

Damu ikiisha kuulisha ubongo, haina budi kurudi moyoni. Hurudi kwa mishipa mingine iitwayo vena, na hiyo ndiyo nitakayo kuinena leo. Vena za ubongo ni dhaifu kwa umbo. Kuta zake ni nyembamba sana, hazina nyama ya kuzikaza, wala hazina vilango ndani yake kama vile vilivyomo katika vena za miguu. Hazidundi, damu yake hutiririka tu polepole, kama maji ya mfereji katika nchi ya tambarare.

Sasa angalieni jinsi zilivyopangwa. Chini ya fuvu la kichwa mna tando tatu ziufunikazo ubongo. Utando wa nje ni mgumu, mfano wa ngozi iliyotengenezwa. Ndani ya utando huo, kati ya tabaka zake mbili, mna mifereji mikuu ya damu. Na ulio mkubwa kati yake hupita katikati kabisa juu ya kichwa, kuanzia penye kipaji cha uso mpaka kisogoni. Ukitaka kuuona kwa mawazo yako, tazama juu ndani ya nyumba yako ya makuti. Mfereji ule ni kama mtambaa-panya, ule mti wa kileleni. Na vena ndogo zitokazo ubongoni huupandia kutoka kuume na kushoto, kama makombamoyo yapandavyo kukutana na mti wa juu. Vena hizo hutoka juu ya uso wa ubongo, hukatisha uwazi mdogo, kisha huingia katika utando mgumu. Hapo katikati hazina kitu cha kuzitegemeza. Ni kama madaraja ya kamba juu ya korongo.

Kule kisogoni mifereji mikuu hukutana mahali pamoja. Mahali hapo palijulikana tangu zamani sana. Herophilus, tabibu Myunani aliyekaa Alexandria katika nchi ya Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, alichunguza maiti za watu akaona makutano hayo. Yamefananishwa na shinikizo la divai, mahali zabibu zikamuliwapo; na katika vitabu vya matabibu yangali yakiitwa shinikizo la Herophilus mpaka leo.

2. Madhara ya kuijeruhi vena

Kufungua fuvu si jambo geni katika nchi zetu. Katika nchi ya Kisii, huko Kenya, walikuwako mafundi walioitwa omobari, ambao walimpasua ngozi ya kichwa mtu aliyepigwa na kuumwa kichwa siku nyingi, wakaukwangua mfupa polepole mpaka pakapatikana tundu. Katika karne ya 20 madaktari wageni walikwenda kuwatazama, wakaandika habari zao. Mafundi wale walijua ya kwamba chini ya mfupa pana utando, nao walijitahidi wasiutoboe. Walilinda mpaka ule kwa uzoefu wa mkono tu. Daktari wa siku hizi hana budi kuuvuka mpaka huo, maana uvimbe autafutao u ndani yake. Na hapo ndipo hatari ya vena ianzapo.

Hatari ya kwanza ni kutoka damu. Ateri ikikatwa damu huruka, nawe waona itokako. Mfereji mkuu ukikatwa damu hujaa kama chemchemi, na ule utando mgumu huuzuia mfereji usijifunge, kama vile shimo la ukutani lisivyoweza kujifunga. Damu nyingi huweza kumpotea mgonjwa kwa muda mchache.

Hatari ya pili haionekani siku ile. Mkulima wa mpunga ajua ya kwamba shamba huharibika kwa njia mbili: kwa kukosa maji yaingiayo, na kwa kuzibwa mfereji wa kutolea maji. Vena ikifungwa, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikitoa damu kwa njia hiyo hufurika. Huvimba, kisha huanza kuvuja damu ndani yake. Mgonjwa aweza kuamka vizuri baada ya kazi ya daktari, akasema na jamaa zake. Na kesho yake au siku ya pili mguu wake ukalegea, au akapatwa na kifafa, au akalala usingizi usio wa kawaida. Upande wa kichwa, karibu na sikio, iko vena iitwayo kwa jina la Labbé, Mfaransa wa karne ya 19. Ikiharibiwa ile ya kushoto, mtu aweza kupotewa na usemi wake. Si kila vena ina thamani sawasawa. Ule mfereji mkuu wa juu, katika theluthi yake ya mbele, mara nyingi huweza kufungwa bila madhara makubwa. Lakini kuufunga kwa ghafula katika theluthi ya katikati au ya nyuma ni kuuhatarisha uhai. Kwa hiyo haitoshi daktari kujua kwamba mshipa upo; yampasa kujua ni upi, wapita wapi, na damu yake yaenda upande gani.

Hatari ya tatu ni hewa. Kichwa cha mgonjwa kikiinuliwa juu kuliko moyo wake, damu ya vena huvutwa chini, na tundu lililo wazi huweza kufyonza hewa. Hewa ikifika moyoni huuzuia usipeleke damu mapafuni, na mtu aweza kufa mezani. Kwa ajili hiyo huwekwa kifuani mwa mgonjwa chombo kidogo cha kusikiliza moyo kwa altrasaundi. Hewa ikipita, sauti hubadilika mara moja, ikawa ya kukwaruza. Ndipo mwenye kumlaza mgonjwa usingizi apaza sauti yake, naye mpasuaji hufurikisha jeraha kwa maji ya chumvi ili hewa isipate njia.

3. Popo na mwangwi

Sasa niseme juu ya sauti yenyewe. Sikio la mtu husikia mitikisiko ya hewa isiyopita mara 20,000 hivi kwa sekunde moja. Iliyo juu ya hapo ndiyo altrasaundi, yaani sauti ipitayo uwezo wa sikio letu. Popo huijua. Katika miaka ya 1790 mtaalamu Mwitalia, Lazzaro Spallanzani, aliona ya kwamba popo aliyepofushwa aruka bila kugonga kitu, bali akizibwa masikio hugonga kila kitu. Watu walishindwa kulieleza jambo hilo mpaka yapata mwaka 1940, ndipo Wamarekani wawili, Donald Griffin na Robert Galambos, walipoonyesha ya kuwa popo hupiga kelele tusiyoisikia, kisha husikiliza mwangwi wake.

Mwanadamu naye alipata kelele ya namna hiyo. Mwaka 1880, huko Ufaransa, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua ya kwamba mawe fulani meupe yakibanwa hutoa umeme. Na baadaye ikaonekana ya kwamba yakitiwa umeme hutikisika. Katika vita vikuu vya kwanza Paul Langevin alitumia mawe hayo kupeleka sauti chini ya bahari, ili kuzitafuta nyambizi za adui. Baada ya vita vya pili elimu hiyo ikaingia hospitalini. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza picha za watoto walio tumboni. Na leo akina mama wengi walio hapa wamepimwa kwa mashine ya jinsi hiyo.

Lakini kichwa kilikuwa na shida yake. Karl Dussik, Mwaustria, alijaribu katika miaka ya 1940 kuupiga picha ubongo kwa sauti kupitia fuvu. Ilionekana baadaye ya kwamba picha zile zilionyesha zaidi mambo ya mfupa kuliko ya ubongo. Mfupa huizuia sauti na kuitawanya, kama ukuta uzuiavyo maneno ya watu wa chumba cha pili. Basi kwa mtu mzima dirisha jema la sauti hupatikana pale tu fuvu lilipokwisha kufunguliwa. Hii ndiyo sababu altrasaundi ya ubongo imekuwa chombo cha mpasuaji mwenyewe, wakati wa kazi yake.

4. Elimu ya Doppler

Mwangwi waonyesha umbo la kitu. Je, waonyeshaje ya kwamba ndani yake damu yapita? Jibu lilitoka kwa mtu aliyekuwa akiwaza habari za nyota. Christian Doppler alizaliwa Salzburg mwaka 1803. Na mwaka 1842, alipokuwa mwalimu huko Prague, alitoa maandiko juu ya rangi za nyota, akisema ya kwamba mawimbi hubadilika kwa mwenye kuyapokea ikiwa chanzo chake chaenda.

Fikirini mtu aliye katika ngalawa, na mawimbi yaja moja baada ya moja. Akiiendesha ngalawa kuyaelekea mawimbi, yatampiga upesi upesi. Akigeuka akaenda pamoja nayo, yatampiga kwa nadra. Mawimbi ni yale yale. Kilichobadilika ni mwendo wa ngalawa. Ndivyo ilivyo kwa sauti. Basi la abiria likija kwenu likipiga honi, sauti yake ni nyembamba. Likiisha kupita, sauti huwa nene ghafula. Mwaka 1845 Mholanzi mmoja, Buys Ballot, alilijaribu neno hili. Aliwapandisha wapiga tarumbeta katika gari la moshi karibu na Utrecht, akawaweka kando ya njia watu wenye masikio hodari ya muziki. Nao wakasikia sauti imepanda gari lijapo, imeshuka gari liendapo.

Chembe za damu ni kama lile gari la moshi. Sauti iliyotumwa ikizigonga zijapo, mwangwi hurudi umepanda kidogo. Ikizigonga zikienda zake, mwangwi hurudi umeshuka. Tofauti hiyo, kwa bahati njema, huwa katika kiasi cha sauti tunazoweza kuzisikia, hata mashine huweza kuitoa kwa kipaza sauti. Ateri husikika ikipiga fyu, fyu, fyu, pamoja na moyo. Vena husikika kama upepo uvumao bila kukoma. Tena mashine huweza kuipaka tofauti hiyo rangi juu ya picha: kwa kawaida nyekundu kwa damu ikijiayo chombo, na buluu kwa damu iondokayo.

Walimu, hapa muwe waangalifu mtakapowaeleza watoto. Rangi nyekundu si alama ya ateri, wala buluu si alama ya vena. Ni alama za mwendo tu. Mshipa ule ule ukipinda njiani huonekana mwekundu upande huu na wa buluu upande ule.

5. Kazi mezani

Nitawaeleza mfano mmoja, si wa mtu fulani, bali wa namna kazi hiyo ifanywavyo. Uko uvimbe uitwao meninjioma, jina ulilopewa mwaka 1922 na Harvey Cushing, mpasuaji mkuu wa Marekani. Hutoka katika tando za ubongo, na mara nyingi si wa namna mbaya ya kuenea mwilini. Lakini hupenda kukua kando ya ule mfereji mkuu wa juu, ukauegemea, na pengine ukaingia ndani yake. Mgonjwa huumwa kichwa, hupata kifafa, au mguu mmoja huwa mzito.

Kwanza huchukuliwa picha za kichwa kwa mashine kubwa, na nyingine huchukuliwa kwa kutia dawa katika damu ili mishipa ionekane. Hiyo ndiyo ramani. Siku ya kazi mgonjwa hulazwa usingizi, nywele hunyolewa mahali pake, na mfupa hutobolewa kwa keekee ya hospitali, kisha hukatwa kipande kama kifuniko. Hapo utando mgumu waonekana, haujaguswa. Daktari aujua mfereji mkuu kuwa u karibu, lakini ukingo wake hasa ni wapi? Alama za mifupa huweza kudanganya, kwa kuwa mfereji mara nyingi haupiti katikati sawasawa, bali huelekea upande mmoja kidogo.

Ndipo huchukua kijiti chembamba, unene wake kama milimeta 1 au 2, kitoacho mitikisiko milioni 16 mpaka 20 kwa sekunde. Hukisogeza juu ya utando kidogo kidogo, na chumba chote hunyamaza. Avukapo ukingo wa mfereji, ule uvumi wa upepo husikika. Arudipo nyuma, hunyamaza. Hutia alama, kisha hukata utando mbali na alama ile, akaufungua kwa kuelekea mfereji, kama mtu afunguavyo mlango kwa upande wenye bawaba. Vilevile huchukua chombo kipana zaidi kitoacho picha, kilichovikwa mfuko safi, akamwaga maji ya chumvi ili sauti ipate njia, maana hewa nayo huizuia sauti. Sauti hupita mwilini kama meta 1,540 kwa sekunde. Mwangwi wa kitu kilicho kina cha sentimeta 3 hurudi kabla hazijapita sehemu 40 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Mashine huhesabu mianya hiyo na kuchora picha. Uvimbe mara nyingi huonekana mweupe, mishipa huonekana myeusi ndani. Na Doppler ikiwashwa, mishipa hupata rangi.

Mtu atauliza, "Ramani ilikwisha kuchorwa, kwa nini kuchora tena?" Kwa sababu nchi yenyewe yahama. Fuvu likifunguliwa na maji ya ubongo yakitoka, ubongo hushuka na kusogea. Na uvimbe ukiisha kutolewa nusu, kilichobaki husogea zaidi, pengine kupita sentimeta nzima. Ramani ya jana haisemi kweli tena. Kwa hiyo huko Trondheim, katika nchi ya Norway, tangu miaka ya 1990 matabibu na mafundi waliziunganisha mashine za kuongoza mkono wa mpasuaji na altrasaundi, hata picha mpya ipatikane mara nyingi kadiri mpasuaji atakavyo.

Sasa yaja saa ya kuamua. Uvimbe umetolewa karibu wote. Kimesalia kipande kilichoshikamana na vena moja ya theluthi ya katikati. Kijiti chasema damu yapita humo. Akikitoa kipande, kazi itakuwa kamili machoni pa watu, lakini mgonjwa aweza kuamka hana mguu. Akikiacha, mgonjwa ataenda kwa miguu yake, na kipande kitaangaliwa kwa picha mwaka hata mwaka, au kitachomwa kwa mionzi. Wapasuaji wengi wenye busara hukiacha. Kama chombo kingalikaa kimya, kikionyesha ya kuwa mshipa ule umekwisha kuzibwa siku nyingi na damu imejifanyia njia nyingine, angeweza kukata kwa hofu iliyo ndogo. Hivyo sauti yamsaidia kutambua pa kusimama.

6. Mipaka ya chombo

Haifai kusifu kitu kupita kweli yake. Kwanza, sauti ikiupiga mshipa kwa pembe mraba, damu haiji wala haiendi mbele yake. Hapo mashine hunyamaza ijapokuwa mshipa umejaa. Kwa hiyo kimya hakitoshi kuwa ushahidi. Mwenye kukishika chombo sharti akiinamishe huku na huku kabla ya kusema, "Hapana kitu." Pili, damu ya vena huenda polepole, mashine iliyotegewa ateri yaweza isiione. Tatu, vena ni laini: ukikigandamiza chombo juu yake yalala bapa, damu yasimama, nawe wadhani haipo. Mkono hauna budi kuwa mwepesi. Nne, sauti iliyo ya juu sana hutoa picha safi lakini haifiki mbali, na sauti ya chini hufika mbali lakini picha yake ni hafifu. Tena damu iliyomwagika katika jeraha na mapovu ya hewa huitia picha ukungu.

Maana yake nini? Ya kwamba mashine peke yake haijui kitu. Bei yake ni nafuu kuliko zile mashine kubwa za picha, nayo huweza kusukumwa kwa magurudumu toka chumba hata chumba, ndiyo sababu yafaa sana katika nchi zetu. Lakini yataka mtu aliyefundishwa siku nyingi. Hospitali iliyonunua chombo bila kumfundisha mtu imenunua sanduku.

7. Utosi wa mtoto na kichwa cha mzee

Nimesema ya kwamba mfupa huizuia sauti. Lakini yuko mtu mmoja aliyezaliwa na dirisha wazi: mtoto mchanga. Utosi wake haujafunga, nao kwa kawaida hufunga afikapo kama mwaka mmoja na nusu. Kwa tundu hilo mpimaji huweza kuutazama ubongo bila kisu, bila mionzi, na mtoto amelala mapajani mwa mama yake. Huona kama maji yamejaa ndani, na kwa Doppler huona ule mfereji mkuu, ambao hupita chini ya utosi katikati yake hasa. Ndiyo maana daktari apitishapo sindano utosini huipitisha pembeni, wala si katikati. Akina mama wasiokubali utosi wa mtoto ugongwe wana haki kabisa.

Mtoto ambaye kichwa chake chakua upesi kuliko mwili, utosi umevimba na kukaza, macho yake yatazama chini kama jua lichwalo, tena atapika na kulia sana, huyo hakurogwa, wala mama yake hakutenda uovu. Ana maji kichwani, nayo mara nyingi husalia baada ya ugonjwa wa homa kali ya siku za kwanza. Huko Mbale, Uganda, iko hospitali ya watoto ambamo tangu mwanzo wa karne hii Benjamin Warf na wenzake walitengeneza njia ya kuyafungulia maji hayo tundu ndani ya ubongo wenyewe, pamoja na kuichoma sehemu itoayo maji, hata watoto wengi wasihitaji kutiwa mpira wa kuyatolea maji. Lakini siku ni mali. Ubongo uliobanwa miezi mingi haurudi wote kama ulivyokuwa.

Na mzee je? Mkumbuke yale madaraja ya kamba. Mtu akizeeka ubongo wake hupungua kidogo, na vena zile hunyoshwa. Akijigonga kidogo tu, hata asidondoshe chozi, moja yaweza kukatika. Damu hutoka tone kwa tone chini ya utando mgumu, wiki hata wiki. Baada ya majuma kadha jamaa waona babu aumwa kichwa, asinzia mchana, apepesuka, achanganya majina ya wajukuu, au mkono mmoja umelegea. Watu husema, "Ni uzee," na wengine husema maneno mabaya zaidi juu ya jirani. Walio katika hatari kubwa ni wazee, walevi wa siku nyingi, na wale wanywao dawa za kuifanya damu isigande. Hapa altrasaundi haifai, kwa kuwa fuvu la mzee limefunga. Yatakiwa picha ya mashine kubwa. Lakini tiba yake ni ndogo kuliko watu wadhanivyo: tundu moja au mawili, damu ile ya zamani hutolewa, na wengi huondoka hospitalini wakijua tena majina ya wajukuu wao.

Neno la mwisho

Basi walimu, nawasihi mambo matatu. La kwanza, mfundishe watoto mambo haya kwa mifano waliyo nayo: ngalawa, popo, paa la nyumba, mfereji wa shamba. Atakayekuwa tabibu labda ameketi katika dawati lenu sasa. La pili, mkiona mtoto wa utosi uliovimba au mzee aliyebadilika baada ya kujigonga, msingoje mavuno wala sikukuu. Mwambieni mwenye nyumba maneno haya kwa upole, mkamsindikize mpaka hospitali, maana mtu mwenye hofu hapendi kwenda peke yake. La tatu, jamaa wakisema, "Wataka kumkata kichwa," msiwacheke. Hofu yao ina haki. Waambieni waende wamwulize daktari mwenyewe: uvimbe uko wapi, mishipa gani iko karibu, mtaitambuaje, na mtafanya nini kama hauwezi kutoka wote? Daktari mwema hataudhika kwa maswali hayo. Ni maswali anayojiuliza yeye mwenyewe usiku wa kuamkia kazi. Kuuliza si ujinga.